Mwaka Nilioacha Kuzisikia Mashine

Simu iliingia asubuhi nikiwa kibarazani. Namba ilikuwa ya Burundi, na sauti ya kiume nisiyoijua ikaniuliza, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, kama mimi ndiye Fundi Issa wa Kigoma. Nikasema ndimi. Akajitambulisha kuwa ni mtoto mkubwa wa Nestori, akasema baba yao alifariki wiki iliyopita na wamekwishamzika, na kwamba katika kijidaftari chake cha namba za simu jina langu lilikuwa la kwanza, juu ya la mchungaji wake. "Tulidhani wewe ni ndugu wa ukoo," akasema. Nilimpa pole, nikataka kuuliza zaidi, simu ikakatika. Mke wangu alipotoka na chai aliniuliza kafariki nani. Nikamjibu kwamba ni rafiki yangu wa zamani, yule aliyenipeleka hospitali mwaka nilipougua. Yeye kisa hiki anakijua kwa ufupi. Watoto wangu hawakijui kabisa. Wanajua tu kwamba baba yao aliwahi kupatwa na malaria kali ujanani, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowaambia. Haikuwa malaria. Sasa nimevuka miaka hamsini na mitano, na naona nimechelewa kusema.

Wazazi na ukoo nitawaacha pembeni safari hii, maana hawakuwapo. Niliyekuwapo ni mimi, mwenye miaka ishirini na sita, na chumba kimoja cha kupanga Ujiji kwa Bi Mwamvua, mjane aliyekuwa akiuza mawese kwa chupa. Nyumba nzima ilinukia mawese: mapazia, mikeka, hata sabuni. Ukuta uliotenga chumba changu na sebule yake haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila lililosemwa upande wa pili nililisikia kama nimekaa nao. Kila asubuhi nilipanda baiskeli hadi Kibirizi, kwenye karakana ya Mzee Bakari, iliyokuwa paa la bati juu ya nguzo sita, hatua chache kutoka majini. Tulitengeneza mashine za boti. Nami, bila kujisifu, nilikuwa na sikio. Boti ikiwa bado mbali na ufuko ningeweza kumwambia nahodha kwamba plagi ya pili imechoka au kabureta imeingia uchafu. Manahodha walikuwa wakibishana kuhusu sikio langu na kunijaribu, na mimi nilipenda sana kujaribiwa.

Nestori alikuja karakana mwanzoni mwa mwaka huo. Ilikuwa miaka ile kambi za wakimbizi zilipokuwa zimejaa, na yeye alitoka katika mojawapo, huko juu upande wa Kasulu, akiwa na kibali cha wiki mbili cha kuja mjini. Wiki mbili zilipokwisha hakurudi. Alijua kuchomelea, alikuwa mwepesi wa mkono, na Mzee Bakari hakuuliza mambo ya karatasi. Mtu mwenye sare alipotokea ufukoni, Nestori aliinuka taratibu akaenda kukaa nyuma ya mitumbwi iliyoegeshwa, akarudi baadaye akiendelea na sentensi ile ile aliyoikatiza. Alikuwa na umri kama wangu. Nilimkaribisha chumbani kwangu, akalala mkekani, na Bi Mwamvua akampenda kuliko alivyonipenda mimi, kwa sababu alimwamkia kwa heshima zote na kumchotea maji bila kuombwa. Kwao vita viliwachukua baba yake, mama yake na kaka zake wawili. Hayo aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakula, kisha akaomba nimsogezee chumvi. Kila nikikumbuka nilivyougua mwaka huo, nakumbuka kwanza kwamba mimi ndiye niliyeugua, si yeye.

Siwezi kusema ugonjwa ulianza siku gani. Nadhani ulianza kwa usingizi. Nilikuwa nikilala vizuri, kisha macho yanafunguka kabla ya adhana ya alfajiri, na hayafumbi tena. Nalala chali nikisikiliza pumzi ya Nestori, moyoni nikiwa na uzito ambao sikuupatia jina, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye kesi na hajui ameshtakiwa nini. Baadaye chakula kikapoteza ladha. Bi Mwamvua alikuwa hodari wa kupika mgebuka, samaki wa ziwa letu. Aliukaanga kwa mawese, akauweka na ugali wa muhogo na kisamvu, na watu wa mtaani walijifanya wanapita kusalimia ili wakaribishwe. Nilikuwa nikitafuna kama mtu anayetafuna karatasi. Nikaanza kuumwa kichwa na mgongo. Nilipimwa damu mara tatu kwenye duka la dawa. Wadudu walionekana mara moja, mara mbili hawakuonekana, na dawa ya malaria nilimeza mara zote tatu. Suruali ikaanza kunivuka. Nikawa mkali kwa mambo ya kipuuzi, spana ikianguka natukana, kisha najichukia mchana kutwa kwa kutukana. Halafu ukali nao ukaisha, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa. Manahodha waliponijaribu nilisema tu, "Ilete nitaiangalia." Boti ziliingia na kutoka, na mimi nilisikia kelele. Mashine ndani ya kelele sikuzisikia tena.

Jioni moja kabla ya magharibi nilikuwa kitandani na nguo za kazi, na upande wa pili wa ukuta Bi Mwamvua alikuwa na jirani yake, Mama Shani, wanachambua mchele.

"Huyu kijana wako kapewa kitu," Mama Shani alisema.

"Kapewa na nani? Hana hata mchumba."

"Basi ndiyo hiyo. Mwanamume wa miaka ishirini na sita hana mchumba, halali, hali, hacheki. Kama si kitu ni uvivu."

"Uvivu hapana. Issa si mvivu." Nikamsikia Bi Mwamvua akipepeta mchele. "Juzi nimemkuta kakaa uani kashika ndoo. Ndoo tupu. Nimekwenda sokoni, nimerudi, bado kaishika."

Nililisikia hilo na halikuniuma, na hata kutouma kwake nilikuona kama jambo linalomhusu mtu mwingine. Kesho yake Bi Mwamvua alimwita shehe wa mtaa, mtu mpole, akanisomea dua akiwa ameniwekea kiganja kichwani. Nilitulia jioni ile, na mpaka leo namshukuru. Lakini alfajiri macho yalifunguka kama kawaida, na sasa nilikuwa na la kuongeza kwenye kesi yangu: hata dua haikunifaa, basi kosa lazima liwe kwangu.

Kilichonifichua kilikuwa klipu, kale kachuma kadogo kanakokaza paipu ya mafuta kwenye mashine. Nilifungua mashine ya boti moja ya Mzee Bakari, nikabadilisha paipu, na klipu nikaiacha juu ya benchi. Sikukumbuka. Boti ikaondoka asubuhi na abiria wa vijiji vya kaskazini, kuelekea Mwamgongo. Walipopita Gombe paipu ikachomoka, mafuta yakamwagika ndani, mashine ikazima, na upepo ukawasukuma katikati ya ziwa. Walikaa juani hadi alasiri, wakichota maji ya ziwa kwa kikombe kimoja, ndipo wavuvi walipowaona na kuwavuta. Hakuna aliyekufa. Lakini nilikuwa ufukoni waliporudishwa, na mama mmoja alishuka na mtoto mchanga mgongoni, uso wa mtoto umebabuka kwa jua, na mama huyo alipita karibu yangu bila kujua kwamba ni mimi. Mzee Bakari alikuwa ameshaiona klipu kwenye benchi. Alinyoosha mkono tu.

"Nipe spana zako, Issa."

Nikampa. Alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka ndani ya kabati lake, akafunga.

Siku nne sikutoka chumbani. Siku ya tano, Ijumaa, adhuhuri, bati likiwa linalia kwa joto, Nestori alirudi kutoka kazini kabla ya wakati. Hakukaa mkekani kwake. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda changu, tukawa tunatazama mlango wote wawili, na nadhani alifanya hivyo makusudi ili nisilazimike kumtazama usoni.

"Nitakuuliza maswali," alisema. "Usinijibu kwa kunifurahisha. Unarala?" Alikuwa akisema "rala" badala ya "lala", na siku nyingine ningemtania.

"Nalala kidogo."

"Unaamka kabla ya watu. Hilo najua, nakusikia. Chakula?"

"Unaona mwenyewe."

"Kitu gani ulikuwa unakipenda, na sasa hukipendi?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikamwambia, "Mashine."

Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ambayo angeuliza kama nimekunywa maji: "Umefikiria kufa?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilikuwa nimelibeba wazo hilo tangu siku ya boti, na kabla yake pia, wazo kwamba kila mtu angepumua kama mimi nisingekuwepo. Nililiona kama jambo la siri na la aibu kuliko yote. Nikasema ndiyo. Nestori hakushtuka, wala hakuniambia ni dhambi, ingawa alikuwa mtu wa kanisa. Aliuliza kama nimepanga kufanya chochote leo. Nikasema sijui. "Basi leo na kesho hatuachani," akasema. "Ukienda chooni nakusubiri mlangoni, utanivumilia."

Ndipo aliponieleza kuhusu dada yake, Spesioza. Mwaka wao wa kwanza kambini dada huyo aligeukia ukuta wa hema na hakugeuka tena kwa miezi. Walidhani ni mizimu ya waliokufa. Kisha wakaja watu wa kujitolea, wakimbizi wenzao waliofundishwa, wakipita hema kwa hema na maswali yale yale aliyoniuliza. Ndiyo maana aliyajua kwa moyo. Kwao walikuwa na neno lake, akabonge, huzuni inayokaa ndani ya mtu kama donge. Neno letu, sonona, mimi nililijua miaka mingi baadaye.

"Lakini dada yako alifiwa," nikamwambia. "Na wewe ulifiwa. Mimi nimefiwa na nani? Nina haki gani ya kuwa hivi?"

"Ulipougua malaria uliiuliza ina sababu gani na wewe?" alisema, akainuka kunichemshia chai.

Alitaka tuende hospitali hapa hapa mjini. Nilikataa. Nilijua wauguzi wawili pale, na nilimjua mlinzi. Kufika jioni Ujiji nzima ingesema Issa amekuwa kichaa. Nilisema heri nife. Na kwa kuwa safari hiyo neno lile halikuwa la mzaha, Nestori alikuna kichwa, akasema, "Basi twende ambako hakuna anayekujua. Hospitali ya kambi inatibu hata wenyeji wa vijiji vya jirani." Nikasema sitaweza kwenda peke yangu. Akasema, "Nani kasema peke yako?" Bi Mwamvua alitufungia mihogo ya kuchemsha na kunishika mkono mlangoni. "Mwanangu, kokote huko wanakokutibu, mimi nasema umekwenda Simbo shambani kwa rafiki. Nani ataniuliza zaidi?" Kumbe alikuwa ametusikia, ukuta ule ulisikika pande zote mbili.

Tulifika kambini kesho yake mchana. Langoni mlinzi alitaka jina langu na sababu, nikaandikishwa kama mgonjwa. Kisha akamgeukia Nestori, akaomba karatasi yake, akaisoma tarehe, akamtazama, akaisoma tena, akaitia ndani ya droo. Walizungumza kidogo pembeni. Nestori alirudi akiwa na uso wake wa kila siku. Sikuuliza. Siku zile nisingeuliza hata kama nyumba ingekuwa inaungua.

Aliyenipokea aliitwa Mama Goreti, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, mkimbizi naye, mmoja wa wale wa kujitolea, katika chumba cha miti na udongo chenye benchi mbili na dirisha la turubai. Hakuandika kitu. Alinisikiliza saa nzima, na kila nilipoishiwa maneno alisubiri kama mtu asiye na kazi nyingine duniani, ingawa nje niliona foleni. Nilimwambia habari ya klipu. Nilimwambia habari ya yule mtoto mchanga. Alisema, "Unajihukumu kwa kosa ambalo mtu mgonjwa angelifanya. Tumtibu mgonjwa kwanza, hukumu isubiri." Akanipeleka kwa tabibu, Mtanzania kijana mwenye miwani, ambaye alinipima damu na presha, akanisikiliza kifua, akaniuliza kama nanywa pombe, kisha akanieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba huu ni ugonjwa, kwamba anauona kila wiki, na kwamba wengi wanapona. Alinipa vidonge vidogo. Alisema vitanikausha mdomo na kunipa usingizi siku za mwanzo, na nisitegemee moyo kubadilika kabla ya wiki mbili tatu. Na nikipata nafuu nisiache mpaka aniambie. Vidonge vya wiki mbili tu, kwa sababu hakutaka niwe na vingi. Tuliokaa nao usiku huo na siku mbili zilizofuata walikuwa Spesioza na watoto wake, na hapo nilimwona kwa macho mtu aliyegeukia ukuta: alikuwa akiuza mboga kwenye kijisoko cha kambi na kuwafokea wateja kwa furaha. Siku ya kuondoka Nestori alinisindikiza hadi langoni. "Tangulia," alisema. "Nitakaa na dada kidogo." Kabla hatujatoka Ujiji alikuwa ameshamwomba Bi Mwamvua anishikie vidonge na kunipa kimoja kimoja.

Mdomo ulikauka kama alivyosema. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa usingizi. Wiki ya tatu niliamka jua limeshatoka, nikakaa kitandani nikishangaa mwanga ulioingia dirishani. Mzee Bakari nilimwendea mwenyewe. Nilimwambia kwamba nilikuwa naumwa, natibiwa, na ugonjwa wenyewe ni wa huzuni. Sikupata neno jingine. Alinisikiliza huku akipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji kupanguswa. "Marehemu kaka yangu alikuwa hivyo," alisema mwishowe. "Sisi tulimwita mvivu mpaka alipotutoka." Hakunirudishia spana siku ile. Alinipa kopo la plagi chafu nizisafishe, na kila jioni alizikagua moja moja, nami sikuona vibaya. Kisha, mwezi wa nne wa dawa, nikajiona nimepona, nikamwambia Bi Mwamvua daktari kaniruhusu kuacha. Ulikuwa uongo. Haikuchukua mwezi, macho yakaanza tena kufunguka kabla ya adhana. Safari hii nilikitambua kinachokuja, na hiyo ndiyo tofauti kubwa iliyonipata mwaka ule. Sikusubiri ndoo wala klipu. Nilipanda gari siku iyo hiyo kwenda kumwambia Mama Goreti ukweli.

Ni katika safari hiyo nilipouliza hasa kuhusu Nestori. Kila nilipokwenda kufuata dawa nilikuwa nikimkuta kambini, na kila mara aliniambia bado kidogo, atakuja mjini. Nilikuwa mtu wa kujitazama mwenyewe tu. Ugonjwa ule unamfanya mtu awe hivyo. Spesioza ndiye aliyenijibu, Nestori akiwa amekwenda kisimani.

"Kaka aje wapi? Kibali chake kiliisha miezi mitano kabla hajakuleta. Wamemfutia. Hatapata kingine, na sasa langoni wanamjua, hawezi kutoka."

"Si angepita njia za porini, kama wengine wanavyorudi?"

"Peke yake angepita. Lakini mgonjwa mgeni lazima aandikishwe langoni, na wewe ulikuwa huwezi kusimama peke yako."

Nestori aliporudi na madumu nilimsubiri ayatue. Nilimuuliza kama siku ile alijua watamzuia. Alisema alijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa kuja."

Ni kweli, ningekataa. Nililia mbele yake, machozi ya kwanza mwaka ule, maana wakati wa ugonjwa wenyewe hata kulia sikuweza. Alinipa kitambaa chake cha jasho. Alibaki kambini miaka, akitengeneza baiskeli, mpaka waliporudishwa kwao. Mimi nilimaliza dawa mwaka uliofuata kwa kuruhusiwa na tabibu, nikarudishiwa spana, na sikio nalo likarudi, ingawa si lote. Ugonjwa umenirudia mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili nilikwenda hospitali hapa hapa mjini, mchana kweupe, nikamsalimia mlinzi kwa jina.

Miaka michache iliyopita, simu zilipokuwa rahisi, tulikuwa tukiongea karibu kila mwezi. Siku moja nikamuuliza nililoliogopa muda wote, kama aliwahi kujutia lile lango. Nilitarajia aseme hapana, kama waungwana wanavyosema.

"Nilijuta," Nestori alisema. "Wiki kadhaa nilijuta sana, karibu nikuchukie. Halafu ukaja kufuata dawa, Spesi akapakua maharage, ukaanza kubishana naye kwamba hayana chumvi. Mlibishana mpaka majirani wakacheka. Nikaacha kujuta hapo."

Ubishi huo mimi siukumbuki kabisa. Ya safari ile nakumbuka vidonge tu, nilivyovihesabu njiani, na kwamba nilikuwa bado naamini sijapata nafuu yoyote.